Fisi, Bucha na Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Gari la halmashauri limepita mtaani asubuhi likitangaza mkutano wa hadhara, kesho, ukumbini. Limetangaza kwa spika ya kukodi. Haikukodiwa kwangu. Hapo hapo nikajua jambo lenyewe ni baya.

Jambo lenyewe: halmashauri inataka malimbikizo ya kodi za biashara yakusanywe na wakala binafsi. Kampuni ya mtu! Ije mlangoni, idai, na ikate chake humo humo. Nimekasirika kwa niaba ya wananchi wote. Mimi si mdaiwa sugu, kama anavyopenda kuniita shemeji yangu, karani wa halmashauri, mume wa dada yangu. Mimi ni mlipaji anayetafakari. Nimetafakari tangu siku nilipofungua duka.

Duka langu ni la kukodisha viti vya plastiki, maturubai na spika mbili kubwa, kila moja inanifika kifuani. Nawaita Mapacha. Harusi zote za maana, misiba yote ya maana, imepita kwa Mapacha. Nikiwa na huzuni nawapangusa vumbi, moyo unatulia. Dobi wa ng'ambo ya barabara huwaita makabati. Dobi ana pasi ya mvuke, basi anadhani amesoma.

Mke wangu kanikumbusha ankara ya maji ya nyumbani. Nimemwambia leo nchi ina mambo mazito zaidi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Siku kubwa katika maisha yangu.

Ukumbi ulijaa. Diwani alianza. Alisema wakusanyaji wa halmashauri wakitumwa mtaani kudai kodi, baada ya muda huonekana wamekaa kwa wadaiwa wanakunywa chai, na jioni hurudi ofisini na shibe tupu. Wakala binafsi, alisema, hali mpaka awinde. Wengine wakapiga makofi. Mama muuza vitambaa akasimama, akasema mtu anayelipwa kwa kadiri ya ngozi aliyochuna atachuna mpaka mfupani, na kama halmashauri inataka watu wafanye kazi, iwape mshahara na iwafuatilie. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza: fungu la wakala likishakatwa, mitaro itazibuliwa na nini? Diwani akajibu kwamba sasa hivi mitaro haizibuliwi na kitu chochote, kwa hiyo hakuna kitakachopungua. Watu wakaguna.

Ndipo nikasimama mimi. Nilikuwa nimeitunga sentensi yangu wakati wa kunyoa ndevu. Nilisema: kumpa wakala binafsi kodi ya wananchi ni kumkabidhi fisi ufunguo wa bucha.

Ukumbi ulilipuka. Wazee walisimama. Mtu mmoja nyuma alirudia "fisi! fisi!" mpaka akapaliwa. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Kupinga Mawakala, na mwenyekiti wake ni mimi. Dobi naye aliutaka uenyekiti. Amepewa umakamu. Nimempa pole kwa dhati, nikimtazama kwa furaha.

Nyumbani nimewasimulia watoto habari ya fisi. Mara mbili. Mke wangu kauliza kama fisi huyo ameshalipa maji.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Shemeji amepita kula. Yeye hupita kula kila chakula kinapokaribia kuiva, ni kipaji. Akiwa na mdomo umejaa, alisema halmashauri imeamua kufanya majaribio kwanza, mtaa mmoja tu, halafu mkutano wa pili ndio uamue. Mtaa wenyewe ni wetu. Nikampigia meza kwa hasira.

Akaendelea kutafuna. Akasema wakala atapata asilimia kumi na tano ya kila anachokusanya. Akasema pia kwamba hakuna hata kampuni moja iliyoomba. Wote wanaiogopa Kamati yangu.

Nikaacha kupiga meza.

Nimewaza mchana kutwa. Ukweli ni huu: wakala lazima awepo, maana halmashauri imeshaamua. Je, afadhali awe mgeni asiye na huruma, au mtu wa hapa hapa, mwenye uchungu na wananchi? Na fisi naye, tukisema haki, si kiumbe wa Mungu?

Kuna kasoro ndogo. Mwombaji asiwe anadaiwa kodi yoyote. Nimemuuliza shemeji kama "yoyote" maana yake ni yoyote. Akasema ndiyo, na akaniomba kachumbari.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimetafuta mtu safi. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Katika ukoo wetu asiyedaiwa ni yule ambaye hajazaliwa. Nilimgusia mke wangu kwa mbali sana. Akasema nikithubutu kuandika jina lake, godoro langu nitalikuta dukani limelala na Mapacha.

Kisha nikamkumbuka mama yake! Mama Mkwe. Matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Mtu ambaye hajawahi kukopa hata chumvi. Nikanunua sukari na sabuni, nikapanda basi kwenda kwake.

Nilipiga magoti mlangoni, nikampa mkono kwa mikono miwili, nikauliza habari za miguu yake. Nikamweleza kwamba natafuta jina tu, mama, jina na sahihi. Atakuwa Mkurugenzi. Kazi zote nitafanya mimi, yeye apumzike, amewatumikia watoto wa watu vya kutosha. Akavaa miwani. Akasoma kila ukurasa wa maombi, tena mara mbili, akafika mpaka kwenye masharti niliyoyatunga ili kuwapendeza wakubwa: mdaiwa atakayeshindwa kulipa ndani ya wakati, mali yake ikamatwe na kuuzwa kwa mnada. Akaniuliza kama kweli hili nimeliandika mimi. Nikasema ndiyo, kwa unyenyekevu. Akasema ni zuri.

Halafu akauliza Mkurugenzi anafanya nini. Nikasema hafanyi kitu. Akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kushika cheo cha kutofanya kitu. Nikacheka sana. Ana utani, mzee huyu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Tumepata! Kampuni yetu, Amana Njema, ndiyo wakala wa majaribio. Waombaji tulikuwa mmoja, na tulishindana vizuri.

Jioni Kamati imekutana dukani kwangu. Nimeilaani Amana Njema kwa jina. Nimesema ni kundi la watu wasio na haya, wanaojificha nyuma ya pazia. Dobi akauliza wenyewe ni akina nani. Nikasema watu wa aina hiyo hawajulikani, lakini siku yao itafika. Wajumbe wameitikia. Nimewakodishia viti vya kikao, bei nafuu.

Nimelala usingizi mzuri sana. Mtu akiwa upande wa mbele na upande wa nyuma wa jambo moja, hawezi kushambuliwa.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mbinu yangu ya ukusanyaji ni ya kisasa: aibu. Mtu hulipa haraka akisikia jina lake linatajwa hadharani. Na ni nani mwenye vyombo vya kutajia? Kwa hiyo Amana Njema imekodi Mapacha kwangu. Nimejilipa bei kamili.

Nilirekodi tangazo mwenyewe huku nimeminya pua. Tangazo lilisema mwenye duka hili anadaiwa kodi na halmashauri, wananchi shuhudieni. Kisha wimbo mmoja, kisha tangazo tena, kisha wimbo wa pili. Nikawapanga Mapacha mbele ya duka la Dobi. Dobi alikuja mbio kuniuliza kulikoni, na mimi ni Mwenyekiti wake. Nikamweleza kwamba kama Mwenyekiti napinga kwa nguvu zote, ila kama mfanyabiashara siwezi kumkatalia mteja aliyelipa. Alifikiri kidogo, akasema anaelewa. Kweli hakusoma.

Sasa shida. Watu walikuja. Wakashuhudia, ndiyo, lakini walishuhudia wakicheza. Wimbo wa pili una mdundo mbaya, hauachi mtu amesimama. Mwanamke mmoja akicheza aliona shati la mumewe lina doa, akamvua, akampa Dobi. Mwingine akaikumbuka suruali yake. Kufikia saa nane foleni ilikuwa imefika kwangu, na Dobi hana tena mahali pa kutundika nguo.

Jioni amevuka barabara amelowa jasho, ana furaha isiyo na kifani. Ameniomba nimfikishie Amana Njema ombi lake, kwamba kesho waanze mapema kidogo, na wimbo wa pili urudiwe. Kodi hakulipa hata senti.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mambo yameharibika. Mama muuza vitambaa amekuja dukani amefura. Anasema yeye anadaiwa kuliko Dobi, tena kwa mbali, sasa kwa nini kampuni inampigia Dobi peke yake? Anaita huo ubaguzi. Kinyozi naye anataka apigiwe Jumamosi, siku yenye watu. Nimepokea malalamiko yao kama Mwenyekiti na nimeahidi kuyafikisha.

Shemeji anasema halmashauri inauliza pesa ziko wapi. Zisipoonekana wiki ijayo, majaribio yanafutwa.

Na kama haya hayatoshi, Mama Mkwe ameshuka kwenye basi la mchana na sanduku lake. Amesikia huko kwake kwamba kampuni yake inapiga muziki. Nilimpokea sanduku, nikasema karibu mama, umetupa furaha kubwa. Amelala chumba cha watoto. Watoto wako sebuleni. Mimi, kwa jinsi mke wangu anavyonitazama, sijui nitakuwa wapi.

Baada ya chakula aliniomba kitu kimoja tu kutoka dukani. Kiti cha plastiki, kile cheupe, chenye mikono.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mama Mkwe alichukua kiti, chupa yake ya chai na sweta anayoifuma, akaenda kukaa mlangoni kwa Dobi. Habari ya kodi hakuigusa. Kila mteja aliyekuja alisalimiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani na watoto, na kama doa lilikuwa la wino alishauriwa namna ya kulitoa mwenyewe bila kwenda kwa dobi. Aliyemuuliza anangoja nini alijibiwa kwa upole kwamba anamngoja kijana huyu apate nafasi alipe kodi. Hana haraka. Amestaafu.

Mimi nilitazama yote kutoka ng'ambo. Dobi alimletea soda. Akashukuru, akasema amebeba chai yake. Dobi alimwomba ahame jua. Akashukuru, akasema jua linamsaidia magoti. Na kila Dobi alipopita mlangoni, alimwambia pole na kazi, mwanangu. Pole na kazi, mwanangu. Nani atamfukuza mama wa rika la mama yake? Nani atamwitia polisi mtu anayefuma sweta?

Kabla ya adhuhuri Dobi amelipa. Zote.

Amekuja kwangu, kwa Mwenyekiti, karibu alie. Anasema ameshindwa kumeza chakula. Nimempa pole rasmi ya Kamati. Alipoondoka nikapiga hesabu ya asilimia yangu, nikaenda dukani kwa muuza viatu kuchukua jozi mpya kwa mkopo. Vyeusi, vya kuchongoka mbele.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Mtaa mzima umeanguka. Kinyozi alidumu nusu siku. Mama muuza vitambaa hakudumu kabisa: kumbe alisoma bweni lile lile, na alipomwona matroni wake anakuja na kiti alisimama wima, akachomekea blauzi, akalipa kabla kiti hakijagusa ardhi. Halmashauri imeleta barua ya pongezi. Diwani amempa Mama Mkwe mkono, na mimi nimekuwa tajiri, ingawa bado sijakabidhiwa.

Wakati wa chakula cha jioni niligusia, kwa adabu zote, habari ya fungu letu. Mama Mkwe akasema Mkurugenzi ataligawa kazi ikiisha. Amebaki mdaiwa mmoja.

Nikasema kwa uchungu kwamba mtaa mzuri kama huu hauwezi kukosa mtu mmoja wa kuutia aibu. Nikauliza ni nani huyo. Mke wangu akapaliwa na maji. Watoto wakatazama sahani zao.

Mama Mkwe aliniongezea mboga.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Kiti kiko mlangoni kwangu. Kiti changu mwenyewe!

Mlango wa duka langu ni mwembamba. Kuingia, lazima nimwombe Mama Mkwe asogeze miguu. Mwanamume hamruki mkwewe, na wala hamwambii pisha. Nikazunguka nyuma, nikaingia kwa dirisha. Suruali imechanika mahali pabaya. Nilipojitokeza mbele aliniambia pole na kazi, mwanangu. Halafu akaomba suruali aishone.

Nimemkumbusha kwamba sisi ni familia. Akasema ni kweli, nyumbani mimi ni mwanawe na ananiombea kila asubuhi. Mlangoni, mimi ni kazi. Nimemkumbusha kwamba kampuni ni wazo langu. Akasema ndiyo sababu anataka lifanikiwe. Akanionyesha sharti la mnada, akasema liliandikwa kwa ufasaha. Kesho jioni ndio mwisho, vinginevyo Mapacha wanakamatwa.

Wateja wawili wa maturubai wamekuja. Amewaeleza, kwa upole, anangoja nini. Wameondoka wananitazama kama mgonjwa.

Nikamtuma Dobi aje na Kamati imwondoe kwa nguvu ya umma. Walikuja wanane, wamekunja nyuso. Baada ya dakika chache walikuwa wamekodi viti kwangu, wamekaa, wanamuuliza dawa ya magoti.

Kukopa nimejaribu. Shemeji alikumbuka ana kikao. Muuza viatu alitazama miguu yangu, akauliza kama nimeanza kuvilipa hivi.

Nimewapangusa Mapacha vumbi. Moyo haukutulia. Naogopa. Miaka yangu kumi na miwili ya biashara imo ndani ya spika zile, na harusi ya dada yangu, na sauti ya marehemu baba akisoma risala siku hiyo akitetemeka. Siwezi kuwaona wanapakiwa.

Lakini nimepata wazo. Kesho asubuhi ni mkutano wa pili. Mkutano ukiwakataa mawakala, Amana Njema inakufa palepale, na kampuni iliyokufa haikamati mali ya mtu. Na msemaji mkuu wa upinzani ni nani?

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Halmashauri imekodi viti na spika kwangu safari hii. Mapacha wenyewe, kulia na kushoto ya jukwaa. Nikaona ni ishara njema. Nilisema moyoni: leo mnajitetea wenyewe, wanangu.

Nimehutubia kama sijawahi. Nimesema wakala binafsi hana mchaguzi, kwa hiyo hana wa kumwogopa. Nimesema leo anakaa mlangoni, kesho atakaa sebuleni. Sauti yangu ilifika sokoni, waliokuwa nje wamenithibitishia. Nilimrudisha fisi, nikamrudisha na bucha, na safari hii nilimpa pia kisu. Watu walisimama. Mama muuza vitambaa alifuta machozi. Tungepiga kura dakika ile, ningeshinda.

Diwani akasema haki itendeke, wakala naye asikilizwe.

Mama Mkwe akapanda jukwaani taratibu. Maiki ilikuwa juu kwake. Na fundi mitambo ni mimi. Nikapanda, nikaishusha, nikaifuta kwa leso, nikaijaribu: moja, mbili. Nikapiga goti, nikashuka.

Alisalimia watu wote. Akasema yeye hana maneno mengi, ana shukrani. Anamshukuru mkwewe, Mwenyekiti wa Kamati, ambaye siku mbili tu baada ya kuundwa Kamati aliwaza kampuni hii. Wanaume wengine, alisema, humsahau mama mkwe akishazeeka. Huyu alipanda basi na sukari na sabuni, akampigia magoti, akamfanya Mkurugenzi. Hata masharti ya mnada ameyaandika yeye, kwa mkono wake. Naye akadhani Mwenyekiti amewaambia, maana mtoto mzuri hafichi mema yake.

Mapacha walifanya kazi nzuri mno. Hakuna mkwaruzo, hakuna mwangwi. Kila neno lilisikika mpaka sokoni.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kisha Dobi akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha ukumbi ukacheka. Walicheka mpaka viti vyangu viwili vikavunjika, na hakuna aliyejitolea kuvilipa. Yule mtu wa nyuma alianza tena "fisi! fisi!", ila safari hii ananinyooshea kidole.

Katika kicheko hicho mama muuza vitambaa akapata nafasi. Akasema basi iwe hivi: mama aendelee, maana pesa zimeonekana, ila asilipwe kwa asilimia. Alipwe mshahara, kama mtu wa kazi, na hesabu zisomwe ukumbini. Diwani akamuuliza Mama Mkwe. Akasema anashukuru sana, hiyo asilimia ilikuwa inamnyima raha tangu mwanzo, afadhali ifutwe hata kwa zilizokwisha kukusanywa. Mikono yote ikanyanyuka. Wangu pia. Nilikuwa nimeunyanyua kupinga, lakini wamenihesabu.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Mnada umefanyika mlangoni. Mama Mkwe aliusimamia akiwa amekaa. Dobi amewanunua Mapacha.

Niliwaona wakivuka barabara, wamebebwa na watu wanne. Nimelia. Nasema wazi, nimelia mbele ya watu. Mama Mkwe alinipa kitambaa, akanipa stakabadhi, akasema sasa mimi ni mtu safi, sidaiwi kodi hata senti, niinue kichwa. Chenji iliyobaki amempa mke wangu. Mke wangu alisema itatengeneza paa la jikoni, akaenda kuificha.

Kamati imenivua uenyekiti kwa kauli moja. Mwenyekiti ni Dobi. Mtaani sasa sina jina jingine. Watoto wa kinyozi wameniamkia: shikamoo, Mzee Fisi. Kwa adabu, ndiyo inayoumiza.

Nimeketi dukani kati ya viti, mahali pa Mapacha pana alama mbili za vumbi sakafuni. Nimejiapiza. Hila basi. Nitakodisha viti na maturubai, nitalipa ninachodaiwa, nitazeeka kwa amani.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Wiki ngumu. Dobi anawapiga Mapacha kutwa nzima, wimbo wa pili peke yake, na foleni yake inafika kwangu. Wanaongoja wanachoka kusimama. Nimewakodishia viti. Sifurahii, lakini nimewakodishia.

Leo shemeji alipita kula. Mama Mkwe amesharudi kwake na mshahara wake wa kwanza, kwa hiyo tulizungumza kwa uhuru. Akiwa na mdomo umejaa alisema mamlaka ya maji nayo imechoka na wadaiwa wa ankara. Wanatafuta wakala. Mtaa mmoja kwanza, kwa majaribio. Mshahara, lakini pia kuna bahashishi kwa kila mdaiwa anayelipa.

Nikamwambia mimi nimeshajifunza. Akasema ni kweli, akaomba chumvi.

Lakini nimekaa nikajichunguza bila upendeleo, kosa langu lilikuwa wapi? Wazo lilikuwa zuri, matokeo kila mtu ameyaona, hata Diwani alipongeza. Kosa lilikuwa moja tu. Nilimweka mkwe. Mkwe, hata awe mwema namna gani, hana damu yako. Leo anakuongezea mboga, kesho anauza spika zako. Jambo kama hili linataka mtu aliyekubeba mgongoni, aliyekupuliza ulipoungua, ambaye hata ukikosea uchungu ni wake.

Nimempigia simu mama yangu mzazi. Hana deni popote, hilo nina uhakika, maana ndiye aliyekuwa akinichapa nikikopa pipi. Nimemwambia natafuta jina tu na sahihi. Amefurahi sana. Anasema amechoka kukaa bure, na anakuja kesho kwa basi la asubuhi.

Aliniuliza jambo moja tu, kama nimelipa maji ya nyumbani. Nimemwambia hayo ni madogo, mama, tutayaongea ukifika. Nimeshamtengea kiti, kile cheupe, chenye mikono.